Chupa ya Kijani Juu ya Kabati

Nekesa mwanangu,

Salamu nitazipunguza, maana tumeachana saa nane mchana leo hii, ukiwa na kitambaa kichwani, ukaniambia, "Baba usipike, nitachelewa." Kutoka hapa Lubaga mpaka Wandegeya si mbali, lakini nywele za mtu anayekwenda Ulaya hazisukwi kwa saa mbili. Wale wasichana watakukalisha mpaka taa ziwake, wakikuuliza kama Wazungu wanajua kusuka. Kwa hiyo muda ninao. Nimefunga mlango, nimezima redio, nimevaa miwani ya marehemu mama yako, ile yenye maua pembeni, kwa sababu yangu niliikalia juzi. Mwanamume mzima na maua masikioni. Cheka sasa, huko mbele sina cha kukuchekesha sana.

Mambo ya koti zito, ya pasipoti, ya kutobeba mfuko wa mtu usiyemjua, shangazi yako ameshayasema mara arobaini. Masista waliokutafutia kazi katika ile nyumba ya wazee wanajua njia kuliko mimi. Sina la kuongeza hapo.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kuuzia vitu, Kiluganda changu mama yako alikicheka mpaka mwisho, na Kiluhya hukijui, kosa langu hilo pia. Mama yako alipokutana na mimi, Kiswahili alikiita lugha ya watu wa bunduki. Akajifunza ili apate kunijibu. Mimi niliishia darasa la sita, wewe una diploma ya uuguzi, kwa hiyo ukikuta herufi imekaa vibaya isahihishe kimoyomoyo uendelee.

Naanza na uongo mdogo ili mkono uzoee. Sijawahi kufika Italia.

Ndiyo. Kaa chini. Yule mwenye mtumbwi mrefu aliyegombana nami Venisi, sikumwona. Daraja nililokula samaki juu yake, silijui lilipo. Mbali kabisa nilikofika duniani ni Mombasa, na huko niliugua tumbo siku tatu nikarudi. Ile ramani niliyokuchorea ya huko uendako, itupe. Niliitoa kichwani, na kichwani hakukuwa na kitu.

Italia yangu niliipatia jikoni. Nilikuwa kijana Kisumu, boi wa nyumbani kwa injinia mmoja Muitaliano wa barabara. Mke wake tulimwita Sinyora. Alikuwa amehamisha nyumba nzima kutoka kwao ndani ya masanduku, kila kitu kimefungwa kwa magazeti, na mimi ndiye niliyefungua. Taa ya kusimama yenye miguu mitatu myembamba kama ya korongo, na kofia tatu, nyekundu, nyeusi, nyeupe. Toroli ya chai ya mbao nyeusi yenye magurudumu ya shaba. Kioo cha ukutani kipana juu na chembamba chini, kama uso wa mbuzi. Na glasi, Nekesa. Glasi nzito, rangi ndani ya rangi, kama mtu amemimina chai ndani ya maji ikakataa kuchanganyika. Sinyora aliniambia vitu hivyo vilitengenezwa baada ya vita vyao vikubwa, watu wa kwao walipokuwa hawana hata sabuni, wakaamua kwamba kiti cha mtu maskini nacho kiwe na umbo. Alinifundisha kuosha kwa maji ya uvuguvugu na siki, mikono miwili, yeye akisimama nyuma yangu akisema, "Piano, piano," maana yake polepole. Akanifundisha nisiangalie kinachong'aa. Geuza kitu, angalia kitako. Kitakoni ndipo fundi huacha mkono wake.

Hiyo ndiyo Italia yangu yote. Mengine nilipaka rangi mwenyewe, na nikayapaka vizuri mpaka mimi mwenyewe nikawa nakumbuka ladha ya yule samaki.

Lakini si hilo lililonikalisha hapa. Alhamisi iliyopita ulikuwa kibarazani na rafiki yako Sara, mnachambua mchicha. Mimi nilikuwa ndani, mlifikiri nimelala. Sara akakuuliza, "Unaogopa nini hasa, baridi?" Ukamjibu, "Baridi hapana. Wale wazee ni kama glasi, na mimi tangu utoto mikono yangu ni ya kuvunja. Si unajua nilivunja chupa ya mama?"

Sara akacheka kwa huruma, "We, ulikuwa mtoto bambi!"

Wewe hukucheka. Nilisikia kisu kikiendelea kukata mchicha.

Nekesa, ile chupa ya mama yako hukuivunja wewe. Haikuvunjwa na mtu yeyote. Niliitoa mimi nyumbani nikakusingizia, na umebeba jambo hilo tangu ukiwa na miaka mitano. Nimeliandika sasa kabla sijajipa nafasi ya kuzungukazunguka. Hapa chini nitakueleza, na nikianza kujitetea ruka mistari.

Vita vilipokwisha hapa Kampala, mwaka ule wa themanini na sita, nami nimeshahamia kutoka Kisumu, nyumba za wakubwa kule Kololo zilikuwa zimebadilisha wenyewe sijui mara ngapi, na vitu vya ndani vilikuwa vimetembea kuliko mimi. Nilikuta kofia ya taa, kazi safi ya Italia, vifaranga wanalala ndani. Nilikuta kisahani cha majivu cha marumaru, mama mmoja anasagia karanga, na karanga zilikuwa tamu. Toroli ya chai, ndugu kabisa ya ile ya Sinyora, ilikuwa Wandegeya inauza mahindi ya kuchoma, na mwenyewe akanifukuza na koleo: "Ssebo, hii gari yangu, wewe usiguse!" Kampala nzima ilikuwa imekalia, imelalia na kupikia vitu ambavyo haikujua majina yake. Mimi niliyajua. Sijisifu. Haya, najisifu: hapakuwa na mtu mwingine katika mji huu aliyeweza kugeuza chombo akakwambia hiki ni cha Venisi na hiki ni cha kuigiza. Ndipo wakaanza kuniita Muitaliano, na mimi jina hilo nikalivaa kama suti.

Duka sikuwa nalo. Duka lilikuwa sebule yetu, hii hii ninayokaa sasa. Sisi wa biashara ya vitu vya zamani tulijua siri moja: mteja hapendi kununua kitu kilicho kwenye rundo, anapenda kumnyang'anya mtu kitu anachokitumia. Kwa hiyo tulivitumia. Mama yako alimpa mgeni chai, mgeni akapenda kikombe, kikombe kikaondoka na mgeni. Kiti ulichokalia asubuhi kulikuwa na uwezekano jioni usikikute. Ulipofika miaka minne, ukirudi kutoka nje kucheza ulikuwa unasimama mlangoni unaangalia, halafu unauliza kabla ya kukaa, "Baba, hii inakaa ama inaenda?" Wateja walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi niliisimulia hadithi hiyo mji mzima. Ilinichukua miaka mingi kusikia nilichokuwa nasimulia, yaani mtoto anayeomba ruhusa ya kuzoea kiti.

Nadhani maneno yale uliyatoa kwa mama yako. Maana kitu kimoja kilikaa, na yeye ndiye aliyesema.

Niliipata ile chupa wiki uliyozaliwa. Kulikuwa na nyumba kubwa imetobolewa paa, na nyuma yake, kwenye vyumba vya watumishi, aliishi mke wa polisi mmoja kutoka kaskazini. Kwenye dirisha lake kulikuwa na chombo cha maua, kijani kwa nje, ndani rangi ya asali, kitako kizito kama jiwe la mtoni. Ndani kulikuwa na chumvi.

"Mama," nikamwambia, "hii chumvi yako inakaa ikulu."

"Chumvi ni chumvi," akasema. "Wewe nataka chumvi ama nataka chupa?"

Nilimpa sufuria mbili zenye vifuniko, na naamini aliwasimulia majirani jinsi alivyompata Mkenya mjinga.

Mama yako alikuwa amelala na wewe pembeni, mdogo kama mkate wa nusu. Nikaiweka dirishani jua lipite. Ukutani pakaja doa la kijani lenye asali katikati. Teopista hakuwa mtu wa vitu, wewe unajua, angeweza kunywea chai kwenye kopo. Aliliangalia lile doa mpaka likahama likafika mlangoni. Halafu akasema, "Taata Nekesa, hii inakaa."

"Inakaa," nikasema.

"Apa."

Nikaapa, mkono juu, kwa jina la mama yangu.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya misa alikuwa anashuka na maua ya altare yaliyoanza kuchoka, yale ambayo wenzake katika kikundi cha maua walitaka kutupa, anayakata shina, anayaweka pale. Yalikuwa yanafika Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi ilikaa tupu, inapumzika, alisema.

Sasa ile Jumamosi. Ulikuwa na miaka mitano. Mama yako alikuwa kanisani tangu asubuhi, kulikuwa na harusi mbili. Kulikuwa bado na maua machache dirishani, wiki hiyo yalikuwa magumu, hayakutaka kufa. Akaja afande mmoja, mkubwa wa mwili na wa cheo, amepewa nyumba Kololo isiyo na hata stuli. Alinipenda. Watu wengine wakikasirika waliniita Mkenya, huyu aliniita Muitaliano hata mbele ya dereva wake.

"Muitaliano, mimi nataka taa. Ya kuweka kwa meza. Mgeni akiingia aseme ee!"

"Taa zipo, afande."

Nikamwonyesha tatu, nzuri. Hakuziona. Alikuwa anaangalia dirisha.

"Na ile?"

"Ile ni ya maua, afande. Ni ya mke wangu. Haiuzwi."

"Najua ni ya maua, macho yangu iko. Nauliza hivi, inaweza kuwa taa?"

Jibu lilikuwa hapana. Sinyora angesema hapana. Kutoboa glasi kama ile ni kama kumtoboa ng'ombe wa maziwa tumbo ili umtundike kengele. Nilijua hivyo vizuri kuliko mtu yeyote katika nchi hii, na nikakuna kidevu kwa sababu nilipenda aone nikifikiri. Yeye akamgeukia dereva, akacheka puani.

"Nilisikia huyu amesomea Italia. Kumbe yeye ni askari ya maua ya bibi."

Dereva naye akacheka. Nekesa, ni dereva aliyeniangusha. Afande ningemvumilia.

"Afande," nikasema, "mimi kule Venisi nilikuwa nazitoboa kama hizi asubuhi kabla ya chai."

Hivyo tu. Hakunitisha, hakunishika shati. Hata bei hatukuwa tumetaja. Nilitoa maua, nikayalaza kwenye sinia, nikamwaga maji nje, nikafunga chupa kwa taulo. Wewe nikakupeleka kwa jirani. Nikaenda nayo Katwe kwa rafiki yangu mwenye karakana, nikaitoboa kwa kipande cha bomba la shaba, na unga wa kusagia vali za gari, na maji, nikizungusha kwa mkono, piano, piano, tangu saa tano mpaka saa tisa. Vumbi la glasi lilitoka jeupe kama unga wa muhogo. Haikupasuka. Mafundi wote wa pale waliacha kazi wakaja kuangalia, na bomba lilipotokea upande wa pili wakapiga makofi.

Nitakwambia jambo la aibu kupita yote. Nilifurahi. Katika maisha yangu sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile, na niliifanya kwenye kitu ambacho hakikutakiwa kuguswa.

Nikamkabidhi afande taa yake, nikakuchukua kwa jirani tukarudi nyumbani, na mama yako akaingia kabla sijapata la kusema. Wewe ulikuwa umekaa chini karibu na dirisha, sinia mbele yako, unachuma petali moja moja unaziweka mapajani.

"Chupa iko wapi?"

Nimeuza maneno maisha yangu yote. Nikatazama huku na huku, na kitu cha kwanza ambacho macho yangu yalikipata kilikuwa wewe.

"Nekesa ameivunja," nikasema. "Vipande nimeshatupa. Hakuumia, usijali."

Ukasema, "Si mimi." Ulisema mara moja tu. Ukanitazama, na mimi nikakukunjia uso, ule uso niliokuwa nautumia ukikaribia jiko la mkaa. Ukarudi kwenye petali zako. Naamini ndipo ulipoanza kukubali. Baba yako alijua Venisi, alijua kitako cha kila kitu, angewezaje kukosea? Labda ulivunja ukasahau.

Mama yako akapiga magoti. Akachukua mikono yako, akaigeuza, akaangalia kiganja, akaangalia kidole kimoja kimoja, vyote kumi. Alikuwa anatafuta mkwaruzo. Hapakuwa na mkwaruzo. Alikaa hapo muda mrefu ameishika.

"Kale," akasema. Haya, hivyo tu. Akainuka akaweka uji jikoni.

Sijui kama alijua. Nimeligeuza jambo hilo miaka yote, na hilo moja halina kitako cha kuangalia. Hakuleta maua tena nyumbani. Hakukuchapa, hakukukemea, alikwambia tu, "Vitu vya baba usivishike." Nawe ukavitii vile vitu kupita kiasi. Ukaanza kutembea humu ndani mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Na mimi, Mungu anihurumie, nikafanya kichekesho. "Mnaona binti yangu? Amezaliwa na heshima ya vitu vya Italia!" Wateja wakakusifia adabu. Ulipoanza kuosha vyombo ulikuwa unaosha vya plastiki tu. Siku ya harusi ya Sara ulikataa kubeba keki. Kila mara nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo, na kila mara nilitoa mzaha.

Baadaye nilialikwa kwa afande kuiona taa yangu ikiwa mezani. Umeme ulikuwa umekatika wiki nzima. Walikuwa wamewasha mshumaa kando yake ili wageni waione.

Ningeweza kuishia hapo ukanihesabu mwongo wa siku moja. Lakini kuna zaidi, na hili ndilo linaloniuma kuliko lile la kwanza.

Afande alihamishwa, na vitu vyake vikatawanyika kama vilivyotawanyika vya wenzake waliomtangulia. Wewe ulikuwa bwenini, kidato cha tatu. Siku moja napita Wandegeya, nyuma ya soko, kijana mmoja anauza redio mbovu na pasi za zamani, na katikati yake nikaona kijani. Hakuna kofia, waya umenyofolewa. Sikuhitaji kugeuza, lakini niligeuza. Tundu langu lilikuwa pale, duara safi, kazi ya mtu hodari. Nikaileta nyumbani ndani ya gunia la mkaa.

Mama yako alikuwa hai, Nekesa. Alikuwa ameanza kuugua, bado anatembea. Ningeingia na ile chupa, nikasema, Teo, haikuvunjika, niliiuza kwa sababu dereva alinicheka, muite mtoto tumwambie. Angenitukana Kiluganda chote. Angekuita kutoka shule. Nilifika mlangoni na hayo maneno nimeyapanga. Yeye alikuwa amelala mchana, nami nikaiviringisha kwenye blanketi, nikaipandisha juu ya kabati la nguo. Nikasema nitamwambia Krismasi. Krismasi ulikuja umefurahi, nikasema tusiharibu. Nikasema Pasaka.

Miezi kumi na minne mama yako alilala chini ya ile chupa. Kitanda hapa, kabati pale, mkono ungefika.

Mara moja aliniomba nimshushie gauni lake la gomesi la bluu lililokuwa ndani ya sanduku juu ya kabati. Nikapanda kiti. Akaliona blanketi.

"Hiyo ni nini umefunga hapo?"

"Vitu vya biashara."

Akatabasamu, uso umekwisha kabisa wakati huo, macho tu. Akaiga sauti yako ya utoto: "Baba, inakaa ama inaenda?"

Nilikuwa nimesimama juu ya kiti, mgongo kwake, mkono wangu juu ya blanketi.

"Inaenda," nikasema.

"Kale," akasema.

Alikufa kabla ya mvua kwisha. Akina mama wa kikundi cha maua walileta maua mengi kuliko ya askofu, na hapakuwa na chombo nyumbani, nilikuwa nimeuza vyote. Wewe mwenyewe ulikata jeriken shingo kwa kisu, za njano, nne, ukazipanga miguuni pake. Nilikuona ukizijaza maji kwa uangalifu kama mtu anayebeba mtoto. Juu ya kabati palikuwa na blanketi. Sikulishusha hata siku ile.

Sijui ni mashauri gani mtu kama mimi anaweza kukupa. Wengine wakiandika barua kama hii wanakuwa na kitu mkononi cha kumpa mtoto. Mimi najua tu ilivyokuwa: sikuwahi kusema uongo kwa sababu ya shida. Nilikuwa na chakula, nilikuwa na mke aliyenipenda, nilikuwa na jina. Kila mara ilikuwa ni mtu fulani anacheka na mimi sitaki anicheke. Ukifika huko, mzee mmoja akikuomba jambo usilolijua, sema hujui. Ni neno dogo. Lingeniokolea nyumba nzima. Na akikuonyesha kitu chake kabatini, glasi, sahani, kijiko, usimwambie ni kizuri. Muulize nani alikiweka pale.

Nimeishusha leo baada ya wewe kutoka. Nimeiosha kwa maji ya uvuguvugu na siki. Miaka hii yote nimejaribu kuliziba lile tundu ukiwa kazini: nta ya mshumaa, gundi ya washona viatu, hata chingamu. Leo nimejaribu tena, nikaijaza maji nikaiweka juu ya sinia nione. Kabla sijamaliza ukurasa wa pili sinia lilikuwa limejaa. Haitashika maji tena. Nilitaka uikute na maua, nilikuwa nimekwenda mpaka kanisani kuyaomba. Yako kwenye kopo, jikoni.

Mchana huu nilifikiri kama niiache barua hii uisomee ndegeni, nipate usiku mmoja zaidi wa kuwa baba yako wa Venisi. Kurasa hizi za juu nilishazitia kwenye mfuko wa koti lako. Nimezitoa. Huko kungekuwa kuiweka juu ya kabati kwa mara nyingine.

Kwa hiyo barua iko hapa mezani, chini ya chupa, na wewe unapoisoma mimi niko kwa jirani kibarazani, ukitega sikio utanisikia nikimdanganya mtu. Sijui kama utaniaga kesho. Sijui kama utaandika, na kama ningekuwa wewe nadhani nisingeandika. Sikuombi kitu hapo. Siwezi kukurudishia ile mikono uliyokuwa nayo ukiwa na miaka mitano, wala mama wa kumwambia "si mimi" mara ya pili akasikia.

Ishike tu. Kwa mikono miwili, bila kitambaa. Ni nzito kuliko unavyofikiri. Igeuze uangalie kitako, utaona tundu, na huo ni mkono wangu, si wako.

Ukitaka iende nawe, iende. Ukitaka ikae, ikae. Na ukitaka kuitupa sakafuni, itupe, nitasikia kutoka huku na sitakuja kuuliza. Itakuwa ndiyo mara ya kwanza umevunja kitu katika nyumba hii.

Baba